Pua ya Mama Dobi

Mtaani walikuwa na mzaha wao: mume unaweza kumdanganya, jirani unaweza kumdanganya, lakini kama nguo zako anafua Mama Dobi, ungama mapema. Mwanamke yule alikuwa na pua. Hakuipata shuleni, maana shule yake iliishia darasa la saba. Aliipata mezani, kwenye pasi. Nguo ikifuliwa na kuanikwa juani hujifanya malaika, inanukia sabuni na upepo. Lakini inyunyizie maji kidogo, ipitishie pasi ya moto, na mvuke ukipanda itatapika yote iliyoyameza. Hivyo ndivyo alivyojua nani amerudia sigara aliyoapa kuiacha, na bwana yupi anarudi nyumbani na marashi ambayo mkewe hayajui. Alijua, akakunja nguo, akanyamaza. Dobi mwenye mdomo hana wateja.

Ndivyo pia alivyojua habari za mwanawe.

Kijana huyo wote walimwita Rula. Jina alipewa na fundi vioo aliyemfundisha kazi, kwa sababu alikuwa mrefu, mwembamba, na mkono wake ulikata kioo mstari mnyoofu hata bila kupepesa macho. Siku moja Mama Dobi alikuwa akipiga pasi shati lake la kazi, mvuke ukampanda puani, mkono ukasimama. Bangi. Harufu ile aliijua. Ilitoka kila siku kwa vijana wa ukutani, wale wanaoshinda nyuma ya gereji. Alisimama hivyo hivyo mpaka shati likaanza kuungua.

Sasa, mama mwenzangu unayesoma, hapa usiruke. Alifanya nini? Alilikunja lile shati akaliweka kabatini, kama vile ni la mteja. Akajiambia ni ujana, utapita. Mashoga zake nao wakamtuliza: "Ah, majani tu hayo, nani umesikia kafa kwa majani?" Ni kweli, hakufa. Lakini alianza kuamka wakati wenzake wanakula chakula cha mchana. Ukimtuma chumvi anarudi na kiberiti, tena anacheka. Mwanzo alikuwa anavuta jioni na wenzake. Baadaye akawa anavuta peke yake asubuhi, hajanawa hata uso, amejifunika blanketi gubigubi chumbani ili moshi usitoke. Akiambiwa aache anasema, "Mama, mimi naacha siku yoyote nikitaka." Na aliacha kweli, mara nyingi sana. Kila kuacha kulikwisha kabla jua halijazama.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kifo chenyewe kilipita karibu. Fundi vioo alimpa kioo cha dirisha la duka akikate. Rula akapima, akasahau, akapima tena, akasahau tena, akakata kikapungua shibiri nzima. Alipotaka kukificha akakiinua vibaya, kikamchana kiganja. Damu inachuruzika, na yeye amekaa sakafuni anacheka. Fundi vioo alimfunga mkono kwa fulana yake mwenyewe, akampeleka hospitali akashonwa, kisha akamfikisha kwa mama yake.

"Mama Dobi," alisema, "huyu kijana nampenda kama wangu. Lakini kioo hakina huruma. Siku moja nitakuletea maiti hapa, na sitaki."

Alipoondoka, Rula alikaa kitandani akakitazama kile kiganja chenye nyuzi. Halafu akasema, kwa sauti ambayo mama yake hakuwa ameisikia tangu akiwa mdogo: "Mama, nimejaribu kuacha. Siwezi. Sijui kwa nini siwezi."

Basi wakarudi hospitali, safari hii kwenye kile chumba cha nyuma, karibu na stoo ya magodoro, ambako watu wa bangi na pombe hutibiwa. Mama Dobi alikwenda amejitwisha: shuka mbili, ndoo, sabuni, kandambili na sufuria ndogo. Mshauri, mwanamke mfupi mwenye viatu vya raba, alimtazama toka kichwani hadi miguuni.

"Mama yangu, unahamia?"

"Si mtoto analazwa?"

"Halazwi. Atakuja Jumanne na Ijumaa, atakaa na wenzake, watazungumza, nami nitakaa naye peke yake. Kisha anarudi nyumbani."

"Sindano je?"

"Hakuna."

"Basi vidonge."

"Kidonge cha kuitoa bangi sina, mama. Ningekuwa nacho ningekupa ndoo nzima."

Mama Dobi alizungusha macho chumbani. Aliona viti vya plastiki vimepangwa duara, na saa ya ukutani iliyosimama. "Sasa mnamtibu kwa nini? Kwa viti?"

Mshauri alicheka mpaka akashika kiuno. "Kwa viti, ndiyo. Na kwa ukweli. Na kwa wewe, maana huku anakaa saa mbili, kwako anakaa siku zote."

Akamweleza bila kuficha. Kwamba siku za mwanzo kijana hatalala, atatoka jasho usiku, atakuwa na hasira za bure, chakula kitamshinda. Hiyo si jeuri, ni mwili unaodai ulichozoea. Kwamba chumba chake kibadilishwe, kila kinachomkumbusha kuvuta kitolewe. Kisha akamshika mkono.

"Na wewe nina dozi yako. Usimnuse."

"Nisimnuse!"

"Usimnuse, usimpekue mifuko, usimfuate nyuma kama polisi. Ukitaka kujua, muulize. Akikujibu, msikilize. Mgonjwa wa namna hii akiona haaminiki hata akisema kweli, anajiambia basi bora nivute, mashitaka nimeshayalipia."

Mama Dobi alikubali. Aliapa pale pale, mbele ya viti. Na kiapo alikitimiza, kwa namna yake: kumnusa mtoto hakumnusa hata siku moja. Alipiga pasi tu. Kwani kupiga pasi ni dhambi? Kila shati la Rula, hata la kulalia, hata soksi, vilipita mezani, na mama ameinamia mvuke kama mtu anayejifukiza homa.

"Mama," Rula aliuliza siku moja, "na hiki kitambaa cha kufutia miguu nacho unakipiga pasi?"

"Usafi, mwanangu."

Wiki za kwanza zilikuwa ngumu. Rula alizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alivunja kikombe kwa sababu chai ilikuwa ya moto, kisha akaomba radhi akalia. Aliota ndoto kali, akaamka shuka limelowa. Mama alilifua bila neno, akalipiga pasi, akanusa: jasho tupu. Alishukuru Mungu kwa jasho lile kuliko wengine wanavyoshukuru kwa mshahara. Mara moja Rula aliteleza, akavuta kwa wenzake, na alikwenda mwenyewe kumwambia mshauri Ijumaa. Mshauri hakumfukuza. Alimuuliza tu ilikuwaje, alikuwa wapi, alikuwa na nani, alikuwa na hasira au huzuni, mpaka Rula mwenyewe akaona mlango ulikoachwa wazi. Baada ya hapo hakuvuta tena. Usingizi ukarudi. Mazungumzo yakarudi. Asubuhi moja alimtania mama yake kwamba anakoroma kwa sauti tatu, na Mama Dobi akatoka nje kufuta machozi kwenye kamba ya nguo.

Ndipo fundi vioo alipopita.

"Nasikia anaendelea vizuri," alisema. "Kazi ninayo, na mkono wake sijaupata kwa mwingine. Lakini sitamuuliza yeye, maana vijana wote hujibu vizuri. Nitakuuliza wewe. Ukisema yuko safi, aje Jumatatu asubuhi."

"Yuko safi," alisema Mama Dobi.

"Neno lako?"

"Neno langu."

Jumatatu hiyo alidamka kumpigia pasi shati. Siku moja kabla, kilemba cha mteja kilimponyoka akasahau pasi, ikaunguza tandiko la meza mpaka mbao. Kwa hiyo alikuwa ametandika jingine, juu yake shuka safi. Akalilaza shati, akalinyunyizia, akapitisha pasi kifuani.

Mvuke ukapanda.

Harufu ile ile. Akageuza shati, akapiga pasi mgongoni. Bangi. Mikononi, bangi. Kola, bangi tele, ile ya kukaa nayo siku nyingi. Rula aliingia akiwa na fulana ya ndani, uso umeoshwa, anapiga mluzi.

"Limekuwa tayari?"

"Umevuta lini?"

Mluzi ukakatika. "Nini?"

"Nimekuuliza, umevuta lini? Jana? Leo asubuhi?"

"Mama, sijavuta. Tangu ile siku niliyomwambia mshauri, sijagusa."

"Shati linasema."

"Shati halina mdomo! Mimi ndiye ninayekwambia. Sijavuta."

"Pua yangu haijanidanganya tangu nianze kazi hii. Ilijua kwanza, ilijua kabla ya fundi wako, kabla ya daktari. Nimempa yule baba neno langu, Rula! Ukikata shingo yako kule nitamwambia nini?"

 Rula akatabasamu, tabasamu baya, la mtu aliyechoka. "Kumbe ndiyo maana hata kitambaa cha miguu." Akachukua fulana chafu kutoka kapuni, akaivaa, akatoka. Hakubamiza mlango. Angeubamiza, mama angepata nafuu.

Mama Dobi naye hakukaa. Alijifunga kanga, akaenda moja kwa moja kwa fundi vioo, akamwambia, macho chini: "Nililosema nalirudisha. Usimpe kazi." Fundi vioo aliweka chini kalamu yake ya kukatia kioo. "Pole, mama," alisema. Hilo tu. Na njia nzima ya kurudi, lile pole lilimfuata kisigino kwa kisigino.

Kazi haimngoji mwenye msiba. Mwalimu wa kwaya alikuwa ameleta majoho, rundo zima, meupe yenye ukosi wa bluu, yalitakiwa jioni hiyo kwa ibada kubwa. Mama Dobi akawasha pasi, machozi yanamtoka, akalilaza joho la kwanza, akalinyunyizia maji.

Mvuke ukapanda. Bangi.

Alirudi nyuma hatua. Akachukua joho la pili, la sauti ya kwanza, la yule bibi mnene anayeimba kafumba macho. Bangi. La tatu, la kijana wa kinanda. Labda huyu, alifikiri, macho yake mekundu. La nne lilikuwa la mwalimu wa kwaya mwenyewe. Bangi tena, na nyingi kuliko yote.

"Yesu wangu," alisema Mama Dobi kwa sauti, peke yake chumbani. "Kwaya nzima?"

Alikaa kwenye kigoda. Akayawaza yale majoho kwenye mstari, na moshi unavyopanda kwenye wimbo wa kuabudu, akajikuta anacheka na kulia kwa pamoja. Halafu kicheko kikakatika. Aliinuka taratibu, akachukua leso yake mwenyewe, iliyotoka kifuani mwake, akailaza mezani, akainyunyizia, akaweka pasi.

Bangi.

Basi akashika ncha ya shuka la meza, akalifunua.

Chini yake lilikuwa limetandazwa blanketi la kahawia. Blanketi la Rula. Lile lile alilokuwa akijifunika gubigubi asubuhi. Mshauri aliposema kila kinachomkumbusha kitolewe chumbani, Mama Dobi alilitoa. Lakini blanketi zima vile, zito, halina tundu, nani mwenye akili atalitupa? Alilifua kwa sabuni ya unga, akalianika siku mbili, akalinusa likiwa baridi, akaridhika, akaliweka juu ya kabati. Na tandiko lilipoungua alilikumbuka, akalikunja mara mbili juu ya meza, akajisifu kwa kubana matumizi. Dobi mzima, aliyewaambia wenzake kwamba nguo baridi husema uongo, alikuwa amesahau somo lake mwenyewe. Moshi wa miaka ulilala mle ndani ukingoja maji na moto.

Alipiga kofi kwenye paja. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, "na mimi nakipiga pasi!"

Lakini kicheko hakikufika popote, maana hapo hapo alimwona Rula akitoka na ile fulana chafu. Alikuwa wapi sasa? Maneno ya mshauri yalimrudia yote: bora nivute, mashitaka nimeshayalipia. Alizima pasi, akaizima tena kuhakikisha, akalikwapua blanketi, akatoka mbio. Ukutani hakuthubutu kwenda.  Alikimbilia kwa mshauri, ambaye labda angejua la kufanya. Jua linawaka utosini, mwanamke wa makamo anakimbia amekumbatia blanketi la baridi. Waliomwona walisema leo dobi amepandisha mashetani.

Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi. Haikuwa siku ya Rula. Walikaa wengine kwenye duara. Lakini kwenye kiti cha mwisho, karibu na dirisha, na fulana ile ile chafu, alikuwa Rula.

Mama Dobi alishika fremu ya mlango. Pumzi hazikutosha kusema. Mshauri akainuka.

"Mama, hii si zamu yako..."

"Nuseni!" alisema Mama Dobi, akalitupa blanketi katikati ya duara. "Nuseni wote! Si yeye. Ni blanketi. Hata kwaya inanuka."

Watu wakatazamana. Mzee mmoja wa pombe aliinama akalinusa blanketi kwa adabu, akatikisa kichwa. "Mimi si mtaalamu wa hii," alisema.

Ikabidi aanze upya, aeleze tandiko lililoungua, shati, majoho, leso. Alipofika kwa bibi wa sauti ya kwanza, duara lote lilikuwa limekufa kwa kicheko, na Rula ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika. Mama yake hakujua anacheka au analia. Akaenda akapiga magoti mbele ya kile kiti.

"Mwanangu, uliniambia kweli. Nikaliamini shati."

"Inuka, mama. Inuka bwana, watu wanaona."

"Waone."

"Nimekusamehe. Inuka, sakafu chafu, utakuja kuifua hiyo kanga mwenyewe."

Mshauri alilisukuma blanketi kwa kiatu chake cha raba mpaka pembeni. "Mama, nilikwambia usimnuse."

"Sikumnusa. Nilipiga pasi."

"Haya. Basi na pasi pia. Nguo zake kuanzia leo anapiga mwenyewe."

Kutoka pale walipitia kwa fundi vioo, wote wawili. Mama Dobi alisema yote mbele ya mafundi wengine, bila kupunguza hata joho moja. Fundi vioo alisikiliza akiwa ameuma kucha ili asicheke, ikamshinda.

"Kwa hiyo neno lako lipi nishike, mama? La kwanza, la pili, au hili?"

"Usishike langu. Muulize yeye."

Fundi vioo akamgeukia Rula. Rula akasema, "Natibiwa bado. Jumanne na Ijumaa asubuhi nitakuwa hospitali. Siku nyingine nitakuwa hapa, na siku nikiwa na hali mbaya nitakwambia, sitagusa kioo."

"Hilo ndilo nililokuwa nataka kusikia," alisema fundi vioo. "Njoo kesho kutwa, ukitoka kwa watu wako kesho."

Nyumbani walimkuta mwalimu wa kwaya kasimama kizingitini, saa mkononi. Alipewa habari yenye ukweli nusu: majoho yameshika harufu, yanafuliwa upya, jua bado lipo. Rula akavua fulana, akajaza mabeseni. Joho la kwaya lina kitambaa kingi; mtu mmoja hawezi kulikamua. Wakalishika huku na huku, mama upande huu, mtoto upande ule, wakalisokota mpaka likawa kama kamba, maji yanamwagika miguuni.

"Mama."

"Naam."

"Leo nilipotoka hapa nilikwenda ukutani."

Mikono ya Mama Dobi ilikaza. Maneno yalimjaa mdomoni, kama yale ya asubuhi: na nani, saa ngapi, walikupa nini. Akayameza yote. Hakuachia ncha yake.

"Walikuwa wamewasha," Rula aliendelea. "Wakanipa. Nikashika mkononi. Nilitaka, mama, sikudanganyi, nilitaka sana. Halafu nikasema, kama nitavuta, basi shati lilisema kweli. Nikairudisha. Nikaenda kwa mshauri."

Maji yalikuwa bado yanadondoka kutoka kwenye joho. Kamba ya nguo ilikuwa tupu, jua likiwa upande mzuri.

"Ahsante kuniambia," alisema Mama Dobi.  Akavuta pumzi, ya kwanza kubwa tangu asubuhi, akakanyaga chini vizuri.

"Sokota tena," akasema. "Upande wako bado una maji."